ASIDI YA SHITURU NA ASIDI YA SAHANI
Maoni kwa wenye ugonjwa wa sukari na kwa wale wanaowapikia

Wandugu wafanyakazi, wazee mulio katika pumziko, na ninyi wamama wa nyumba za Panda,

Kila mutu aliyefanya kazi Shituru anajua asidi ni kitu gani. Anajua kwamba asidi ya sulfuriki ndiyo inayoyeyusha jiwe lililosagwa na kutoa shaba ndani yake. Anajua vilevile kwamba tone moja likiingia katika jicho, ni maji mengi mara moja na kukimbilia kwa munganga. Tena anajua jambo la tatu: hakuna fundi anayeachilia asidi siku nzima bila kutazama kipimo, na bila kuwa na chokaa ya kuituliza. Ndiyo maana Likasi ina Shituru na ina Kakontwe. Asidi huku, mawe ya chokaa kule. Kazi haiendi kwa kimoja peke yake.

Leo tunataka kusema juu ya asidi nyingine. Hii haina harufu, haichomi ngozi, na haina pipa lenye alama ya fuvu. Inatengenezwa ndani ya mwili wetu, kutokana na chakula tulichokula. Inamuhusu kila mutu, lakini zaidi inamuhusu mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, yaani ule unaowapata hasa watu wazima, ambamo mwili bado una insulini lakini hauitii tena vizuri.

Maoni yetu tunayatoa mbele. Mugonjwa wa sukari katika Panda anafundishwa kuogopa bukari, na hiyo ni haki. Lakini hafundishwi kwa nguvu ileile kutafuta mboga za majani. Sahani yake inapunguzwa upande mumoja, na upande mwingine unabaki mutupu, au unajazwa nyama. Hiyo tunaiita nusu ya kazi. Na katika viwanda vyetu tunajua kazi iliyofanywa nusu inaleta nini.

ASIDI HII INATOKA WAPI?

Nyama, samaki, mayai, jibini na nafaka vina protini. Ndani ya protini kuna kiberiti kidogo, kile ambacho kwa Kifaransa tunaita soufre. Mwili ukichoma protini, kiberiti hicho kinageuka kuwa asidi ya sulfuriki. Ndiyo, wandugu, ni asidi ya jina moja na ile ya Shituru, lakini kwa kipimo kidogo sana. Fosfori iliyo katika vyakula hivyo inaongeza asidi yake pia.

Mboga na matunda vinafanya kinyume. Vina potasiamu nyingi, na potasiamu hiyo imefungwa pamoja na chumvi ambazo mwili unazichoma na kuzigeuza kuwa bikarbonati. Bikarbonati inatuliza asidi. Hiyo ndiyo chokaa ya mwili.

Damu haivumilii mchezo. Kipimo chake cha pH kinakaa kati ya 7,35 na 7,45, usiku na muchana, hata ukila nini. Kama chakula kinaleta asidi nyingi, damu haigeuki kuwa siki. Ni figo zinazofanya kazi ya ziada ili kuitoa katika mukojo. Kwa hiyo tusidanganyane: hakuna chakula kinachofanya damu kuwa ya asidi kwa mutu mwenye figo nzima. Swali ni muzigo. Muzigo gani unawekwa juu ya figo kila siku, kwa miaka ishirini au thelathini?

Katika mwaka 1995 wataalamu wawili wa Dortmund, Ujerumani, Thomas Remer na Friedrich Manz, walitoa orodha inayopima muzigo huo kwa kila gramu 100 za chakula. Hesabu yenye alama ya kujumlisha inaongeza asidi. Yenye alama ya kutoa inaituliza. Tunatoa mifano michache. Nyama ya ngombe: +7,8. Kuku: +8,7. Mayai: +8,2. Karanga: +8,3. Muchele mweupe: +4,6. Mukate mweupe: +3,7. Maziwa: +0,7, yaani karibu sifuri. Kisha upande mwingine. Tomati: -3,1. Viazi vya kizungu: -4,0. Karoti: -4,9. Ndizi: -5,5. Na majani ya spinashi: -14,0.

Tazameni hesabu ya mwisho. Gramu 100 za majani zinatuliza asidi ya gramu 100 za nyama, na nyingine inabaki. Lengalenga yetu ni ya jamaa moja na spinashi hiyo. Wataalamu wa mimea wanaziweka katika ukoo mumoja. Sombe, matembele na chibwabwa ni majani mabichi ya namna hiyo pia. Musaada huo unapatikana sokoni Kikula na katika bustani nyuma ya nyumba.

UKALI WA ULIMI SI ASIDI YA MWILI

Hapa watu wengi wanapotea. Mutu akisikia neno "asidi" anaacha ndimu, anaacha machungwa, anaacha tomati, kwa sababu ulimi wake unaona ukali. Lakini katika orodha ile, maji ya ndimu ni -2,5. Asidi ya ndimu inachomwa na mwili na kuacha bikarbonati nyuma. Kipande cha nyama hakina ukali wowote mudomoni, lakini ndicho kinacholeta asidi. Ulimi si kipimo cha kazi hii.

Na kuna kosa la kinyume. Wengine wanasema: "Sukari ni utamu, basi kitu kichungu au kikali kitaiua." Wanakunywa maji ya ndimu na maji ya majani machungu, na wanaacha dawa ya munganga. Ndimu ni nzuri juu ya samaki. Haiponyeshi ugonjwa wa sukari. Anayeacha metformini yake kwa sababu ya ndimu anauza viatu vyake vya usalama ili anunue kofia.

Tena tusichanganye muzigo huu wa kila siku na ile hatari kubwa inayomupata mugonjwa asiyekuwa na insulini ya kutosha: anapumua haraka na kwa nguvu, anatapika, tumbo linauma, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni jambo la hospitali saa ileile. Hapo hatuzungumzi mboga. Tunatafuta gari.

ASIDI NA SUKARI VINAKUTANA WAPI?

Kazi ya kutafuta jambo hili si ya leo. Mwaka 1979 wanganga wa Marekani, DeFronzo na Beckles, waliwapa watu wazima wenye afya chumvi ya amoniamu inayoongeza asidi mwilini, kisha wakapima kazi ya insulini. Waliona insulini inafanya kazi kidogo kuliko mbele. Asidi ilikuwa imeufanya mwili kuwa muzito wa kusikia.

Hiyo ilikuwa dawa, si chakula. Je, chakula cha kila siku? Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya Ufaransa, ya wanawake 66.485 waliofuatwa kwa miaka 14. Wanawake 1.372 kati yao walipata ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Wale wa robo ya juu, yaani waliokula chakula chenye muzigo mukubwa wa asidi, walikuwa na hatari iliyozidi ile ya robo ya chini kwa asilimia 56. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya Marekani ya watu 187.490, wanaume na wanawake: fungu la juu lilizidi la chini kwa asilimia 29. Lakini mwaka 2014 huohuo, wataalamu wa Sweden waliowafuata wazee wanaume wa Uppsala hawakuona tofauti yoyote.

Musomaji mwenye akili atauliza: basi, imehakikishwa au haikuhakikishwa? Jibu la haki ni hili. Imeonekana kwamba vitu hivi viwili vinatembea pamoja mara nyingi. Haikuhakikishwa kwamba kimoja ndicho kinacholeta kingine. Mutu anayekula mboga nyingi mara nyingi hanenepi sana, anapata nyuzinyuzi zaidi, anakunywa sukre kidogo. Pengine ni mambo hayo yanayomulinda, na asidi inafuata tu nyuma kama mutoto anayefuata mama yake sokoni.

Kwa sababu hiyo sisi hatusemi kwamba asidi ya chakula ndiyo mama wa ugonjwa wa sukari. Mambo ya kwanza yanabaki yaleyale: unene wa tumbo, kukaa bila kutembea, sukari na wanga mwingi, ukoo. Lakini tunasema hivi: shauri la kuongeza majani katika sahani lina faida hata kama asidi haina kosa lolote. Hakuna hasara kwa mwenye figo nzima. Na kwa yule mwenye sukari kuna sababu moja zaidi ya kulichukua kwa uzito. Sababu hiyo ni figo.

FIGO NI KIWANDA CHA KAKONTWE CHA MWILI

Figo ndizo zinazopokea asidi ya sahani na kuitoa nje. Ugonjwa wa sukari, pamoja na presha ya damu, ndio maadui wakubwa wa figo. Polepole, bila maumivu, unaharibu vichujio vidogo vilivyo ndani yake. Mugonjwa hasikii kitu. Siku anaposikia, miguu imevimba na kazi kubwa ya figo imekwisha kupotea.

Fikirini sasa kiwanda ambacho idadi ya wafanyakazi inapungua kila mwaka, lakini muzigo wa asidi haupungui. Wale waliobaki wanafanya kazi ya wawili, kisha ya watatu. Na wao pia wanachoka. Ndivyo ilivyo kwa figo za mwenye sukari anayekula nyama nyingi bila majani. Wanganga wameona tena kwamba mukojo wa wagonjwa wa sukari wa aina ya pili mara nyingi una asidi zaidi kuliko wa watu wengine, na kwamba wanapata mawe ya asidi ya uriki katika figo mara nyingi zaidi. Mwenye kujua maumivu ya jiwe la figo hahitaji kuhubiriwa.

Katika Texas, Marekani, wanganga Goraya na Wesson walijaribu jambo moja na kulitoa mwaka 2013. Waliwachukua watu ambao figo zao zilikuwa zimeharibika sana kwa sababu ya presha, si kwa sababu ya sukari. Wamoja walipewa bikarbonati, wengine walipewa matunda na mboga, kwa mwaka muzima. Asidi ilipungua kwa makundi yote mawili, na figo za makundi yote mawili zilishikilia kazi karibu sawasawa. Matunda na mboga yalifanya kazi ya dawa. Lakini sikieni vizuri: wagonjwa hao walichaguliwa, na potasiamu ya damu yao ilikuwa inapimwa.

Kwa nini tunakaza neno hilo? Kwa sababu figo zilizoharibika sana haziwezi kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu inasimamisha moyo. Chakula kinachomusaidia mwenye figo nzima kinaweza kumuua mwenye figo zilizokufa. MUGONJWA AMBAYE MUNGANGA AMEMWAMBIA KWAMBA FIGO ZAKE ZIMESHUKA ASIONGEZE MBOGA, NDIZI, AVOKA WALA MATUNDA BILA KUMUULIZA KWANZA. Na hao wengine wote, wapimishe figo zao mara moja kwa mwaka: kreatinini ya damu na albumini ya mukojo.

MAKOSA MATATU

Kosa la kwanza ni la mwenye feza. Anaambiwa "punguza bukari". Anapunguza, na mahali pake anaweka michopo, mayai matatu asubuhi, kuku jioni, na chupa za bia. Kwa mwezi mumoja kipimo cha sukari kinaweza kushuka kweli, naye anafurahi. Lakini muzigo wa asidi umepanda, mafuta yamepanda, na majani hayapo. Hatumwambii aache nyama. Nyama ina chuma na protini ambayo mufanyakazi anaihitaji. Tunamwambia kipande cha nyama kiwe cha ukubwa wa kiganja chake bila vidole, na kando yake majani yajae.

Kosa la pili ni la asiyekuwa na feza, na katika Panda ya leo ndio wengi. Sahani yake ni mulima wa bukari na kapenta chache. Anaambiwa "punguza bukari", na anauliza kwa haki: "Nipunguze, kisha nikule nini?" Swali hilo halijibiwi kwa karatasi ya ukutani. Tukumbuke historia yetu. Tangu wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mufanyakazi alipewa posho, na mufuko wa unga ndio uliokuwa moyo wa posho. Mutu alihesabu mwezi wake kwa mufuko ule. Majani yalikuwa kazi ya mama na jembe lake. Posho ilipokwisha, na wafanyakazi zaidi ya 10.000 walipotoka Gécamines katika muradi wa mwaka 2003, mufuko ulikwenda lakini mazoea yalibaki: unga ndio chakula, mboga ni kisindikizo tu. Wazee wengi wanaoishi na sukari leo walikua katika mazoea hayo. Si ujinga wao. Ndivyo walivyolishwa.

Kosa la tatu ni la yule aliyesikia nusu ya habari. Anasema: "Kama bikarbonati inatuliza asidi, nitakunywa kijiko kila asubuhi." Bikarbonati ya jikoni imejaa sodiamu, ileile iliyo katika chumvi. Kwa mwenye presha au moyo dhaifu, inaongeza maji mwilini na kuvimbisha miguu. Munganga anaweza kuitoa kama dawa, kwa kipimo, baada ya kuchunguza damu. Hakuna mutu anayejipa mwenyewe. Na wamama wanaoitia katika sombe au maharagi ili vilainike haraka, wajue kwamba inaharibu vitamini ndani ya chakula na kuongeza sodiamu. Kulowesha maharagi usiku muzima ni bora.

SAHANI YA PANDA

Hatutaki kuleta chakula cha Ulaya hapa. Vyote tunavyovihitaji vina jina katika luga yetu.

Chukua sahani moja ya kawaida, si beseni. Gawanya kwa macho. Nusu nzima iwe majani na mboga: lengalenga, matembele, chibwabwa, shu, sombe, bilinganya, tomati na vitunguu. Robo moja iwe bukari, donge la ukubwa wa ngumi yako. Robo iliyobaki iwe maharagi, samaki, yai au nyama.

Maharagi tunayasifu kwa namna ya pekee. Yana protini kama nyama, lakini yanakuja pamoja na potasiamu na nyuzinyuzi, na hivyo muzigo wake wa asidi ni mudogo kuliko wa nyama. Tena sukari yake inaingia katika damu polepole. Kwa bei ya kipande cha nyama, nyumba nzima inakula maharagi.

Sombe ni chakula kizuri, lakini itwangwe sana na kuchemshwa muda murefu bila haraka, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi ambayo inaondoka kwa kutwanga na kuchemsha. Mafuta ya ngazi yawe vijiko, si kikombe. Sombe inayoogelea katika mafuta inaongeza unene, na unene ni rafiki wa sukari.

Samaki wa chumvi aloweshwe, na maji yake yamwagwe. Avoka ni tunda la kumupendelea mwenye sukari: sukari yake ni kidogo sana, potasiamu yake nyingi. Embe ni tamu. Kipande, si ndoo, hata wakati maembe yanapoanguka yenyewe njiani. Ndizi moja ndogo inatosha. Viazi vinatuliza asidi, lakini vina wanga, kwa hiyo vinahesabiwa katika robo ya bukari, si katika nusu ya majani.

Sukre ya chupa iachwe kabisa. Ile nyeusi ina sukari na tena ina asidi ya fosforiki. Munkoyo uliotiwa sukari ni sukari pia. Kinywaji ni maji.

Na neno moja kwa ajili ya usalama wa kazi. Anayemeza glibenklamidi au anayejipiga insulini asipunguze bukari kwa ghafula bila munganga kupunguza dawa. Sukari inaweza kushuka akiwa juu ya ngazi, kwenye mashine au katika gari kubwa: jasho, kutetemeka, macho yenye giza, kisha kuanguka. Mwenzake anayeona dalili hizo amusimamishe kazi na kumupa sukari mara moja kama bado anameza. Kiongozi wa zamu anapaswa kujua nani anatumia dawa hizo. Hiyo si aibu, ni usalama.

LAKINI MAJANI YATOKE WAPI?

Hapa ndipo maoni yetu yanapokuwa magumu. Ni rahisi kuwaambia watu wa mahali pengine "kuleni majani". Panda na Shituru ni jirani wa viwanda kwa miaka mia moja. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa vipimo vya mukojo wa watu wa Katanga ya kusini wanaokaa karibu na mashimo na viwanda vya madini. Walikuta kobalti nyingi kupita kiasi, hata kwa watoto, na pia kadimi, risasi na uraniamu. Kazi iliyofuata, ya mwaka 2014, ilionyesha kwamba kobalti inaingia kwa watu wazima hasa kwa njia ya chakula, na mboga za mahali zina sehemu kubwa. Kwa watoto mavumbi yanaongeza yake.

Kadimi inaharibu figo. Tena majani ya mboga yanaivuta kutoka udongo kwa urahisi. Basi tungekuwa wenye hila kama tungemwambia mwenye sukari "linda figo zako kwa lengalenga" bila kumuuliza lengalenga hiyo imeota wapi.

Hatusemi muache mboga. Kuacha mboga ni hasara ya hakika. Tunasema muchague. Bustani isilimwe kando ya mufereji wa maji ya kiwanda, wala juu ya udongo wa takataka za madini, wala isinyweshwe na maji yenye rangi. Majani yaoshwe mara tatu katika maji safi. Kuosha kunaondoa mavumbi, ijapokuwa hakuondoi kile kilichoingia kwa muzizi. Nunueni mara moja huku, mara nyingine kule, na zaidi kwa wamama wanaoleta mboga kutoka vijiji vilivyo mbali na mabomba ya moshi. Mwenye kiwanja kibaya apande katika udongo mwema uliobebwa kutoka mbali, ndani ya mifuko au matairi ya zamani.

TUNAOMBA NINI?

Kwa mugonjwa tumekwisha kusema mengi. Sasa kwa wakubwa wa kazi, katika kampuni zote zinazochimba na kuyeyusha madini hapa Likasi.

Kwanza, kantini. Kama mufanyakazi anapewa chakula kazini, nusu ya sahani iwe mboga, na maharagi yawepo mara mbili au tatu kwa juma. Ni bei ndogo kuliko siku za ugonjwa.

Pili, kipimo. Pale wanganga wa kazi wanapowapima watu mapafu na masikio, wapime pia sukari ya asubuhi kabla ya kula, na figo. Sukari ya miligramu 126 au zaidi kwa desilita, ikionekana mara mbili, ni ugonjwa tayari. Wengi wanautembeza bila kuujua hadi siku kidonda cha muguu ndani ya kiatu cha kazi kinakataa kupona.

Tatu, udongo. Tunapima shaba ndani ya jiwe hadi sehemu ndogo kabisa ya asilimia. Maabara zinazofanya hivyo zinaweza kupima pia udongo wa bustani za makomini yetu, na kuwaambia wamama kwa maneno wazi: hapa limeni, hapa musilime. Kama tunamwomba mutu ale majani, tuna deni la kumuonyesha mahali yanapoota salama.

Nne, mama wa nyumba aitwe. Mafundisho ya sukari yanatolewa kwa baba katika chumba cha munganga, na baba anarudi nyumbani na maneno mawili: "Nimekatazwa bukari." Anayepika hakusikia kitu. Waitwe wawili pamoja.

KUMBUKENI

1. Bukari ni ngumi moja, si mulima.
2. Nyama ni kiganja kimoja, na majani ni nusu ya sahani.
3. Ukali wa ndimu si asidi ya mwili.
4. Bikarbonati si ya kujipa mwenyewe.
5. Dawa haiachwi kwa sababu ya chakula.
6. Figo zipimwe kila mwaka. Kama zimeshuka, munganga ndiye anayepanga mboga na matunda.
7. Jua udongo wa mboga yako.

Fundi wa Shituru hangojei pipa lipasuke ndipo aulize chokaa iko wapi. Anaiweka tayari mbele ya kuanza kazi. Tuweke majani katika sahani kwa akili ileile.

USALAMA KAZINI, USALAMA JIKONI.